Shangazi, kila mkondo ninaoukimbilia nakuta umeshakauka

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinitaje jina, maana baadhi ya watu nitakaowasema humu huisoma safu hii. Nina miaka 25. Mchana nafanya kazi isiyohusiana kabisa na vitabu, usiku naandika. Ninachotaka kuandika ni riwaya za vijana, zile ambazo mhusika mkuu ana miaka 16 au 17 na karibu kila kinachomkuta kinamkuta kwa mara ya kwanza. Nimezipenda tangu nikiwa na umri huo, na kuzeeka kidogo hakujaniponya.

Tatizo langu lilianza kwa nia njema. Niliambiwa mwandishi chipukizi asiyelijua soko anapoteza muda wake, basi nikafungua jedwali kwenye kompyuta. Kila riwaya ya vijana inayovuma naiingiza humo: mhusika ni nani, inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza au ya tatu, mapenzi ni ya aina gani, jalada lina rangi gani. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Nikaanza kuona mambo. Kuna kipindi kila jalada lilikuwa na msichana aliyevaa gauni refu, kisha ghafla yakaja majalada ya michoro yenye rangi kali. Kuna kipindi kila kichwa cha kitabu kilikuwa vitu viwili vimeunganishwa na "na": damu na kitu, majivu na kitu, mifupa na kitu. Nilijiona mjanja.

Kabla ya jedwali nilikuwa na hadithi yangu. Inahusu kaka na dada ambao baba yao anatoka gerezani baada ya miaka mingi, na yule mdogo, msichana, hamkumbuki hata sura. Niliandika sura kadhaa nikampelekea mhariri wa kampuni moja iliyokuwa ikipokea miswada ya waandishi wapya. Alinijibu kwa upole, mistari michache tu: lugha nzuri, ila hadithi imetulia mno, vijana wa siku hizi wanataka kasi. Nikaifunga. Nikarudi kwenye jedwali, nikaona mapenzi ndani ya fantasia ndiyo yanayoongoza, nikaanza riwaya nyingine. Hii ni ya msichana anayeuamuru moto, ambaye analazimika kuishi kwenye kasri la mwana wa mfalme aliyeuteketeza ukoo wake. Wanachukiana, halafu unajua mwenyewe kinachofuata.

Sasa nimefika katikati yake. Inaandikika haraka sana kwa sababu kila mara najua kinachokuja. Sura za mwanzo nikampa mdogo wangu wa kike, ana miaka 16 na anasoma kuliko mimi. Alizirudisha kesho yake. "Dada, hii nimeshaisoma." Nikamwambia haiwezekani, nimeitunga mwenyewe. Akasema, "Najua. Lakini nimeshaisoma." Alipofika mlangoni akageuka: "Na yule baba wa jela, mwishowe alifika nyumbani?" Nikakosa jibu, kwa sababu sikuwa nimemfikisha.

Rafiki yangu tunayebadilishana naye sura anasema mdogo wangu ni msomaji mmoja, si soko, nimalize upesi kabla wimbi halijapita. Mwingine kwenye kikundi chetu anasema wimbi limeshapita zamani, sasa vijana wanataka riwaya za kutisha na za mauaji. Unajua nilifanya nini niliposikia hivyo? Niliongeza safu mpya kwenye jedwali.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Siwezi tena kusoma. Nikifika ukurasa wa tano mkono umeshaitafuta kalamu. Juzi kitabu kimoja kiliniliza, na kabla sijafuta machozi nilikuwa nimeshaandika: "kifo cha ndugu, theluthi ya kwanza."

Nilifute jedwali? Nimalize ya moto? Nirudi kwa baba? Au niseme ukweli kwamba mimi si mwandishi, ni karani wa vitabu vya wenzangu?

Wako,
Mwenye Jedwali

*

Marahaba, Mwenye Jedwali.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye machozi yaliyogeuzwa kuwa data. Unaniuliza uandike riwaya ipi. Ninachokisikia zaidi humu ndani ni kwamba zamani ulikuwa na njia yako ya kujua kipi kizuri na kipi kibaya, na baada ya lile jibu la mhariri ukaacha kuiamini, ukalikabidhi jedwali kazi hiyo. Kama sijakuelewa, unisahihishe. Kama nimekuelewa, basi hilo la riwaya ipi linaweza kusubiri kidogo.

Nianze na jedwali lenyewe, kwa sababu naona unaliamini kupita uwezo wake.

Fikiria kitabu kinavyofika dukani. Kwa wachapishaji wakubwa, tangu mkataba usainiwe hadi kitabu kiwe mkononi mwa msomaji, mara nyingi hupita mwaka mmoja na nusu, miwili, pengine zaidi. Kabla ya hapo kuna muda wa kuandika, wa kurekebisha, wa kumtafuta wakala au mhariri atakayekitaka. Kwa hiyo kinachong'aa rafuni leo ni kiporo. Waliokipika walishaondoka jikoni. Jedwali lako linakuonyesha kwa usahihi kabisa wahariri walipenda nini miaka miwili au mitatu iliyopita.

Ushahidi uko wazi. Mwaka 2005 Stephenie Meyer alitoa Twilight, na kwa miaka iliyofuata rafu zikajaa wanyonya damu, mbwamwitu wa usiku na malaika walioanguka. Mwaka 2008 Suzanne Collins akatoa The Hunger Games, upepo ukageukia nchi za siku zijazo zenye watawala katili na vijana wanaopigania roho zao. Divergent ya Veronica Roth ikaja 2011 na ikashika. Lakini kufikia 2016 filamu ya tatu ya mfululizo huo, Allegiant, ilifanya vibaya sokoni, na ile ya mwisho iliyokuwa imepangwa haikutengenezwa kamwe. Sasa mfikirie mtu aliyeanza riwaya ya namna hiyo mwaka 2013, akiwa na jedwali safi kama lako. Siku aliyoanza alikuwa sahihi. Siku aliyomaliza, wahariri walikuwa wameshachoka na watawala katili. Halafu wakati watu wameshaizika aina hiyo, Collins akarudi kwenye dunia yake ile ile mwaka 2020, na tena 2025, na vitabu vikauzika kwa wingi.

Na kuna visivyoingia kwenye safu yoyote. We Were Liars ya E. Lockhart ilitoka 2014. Mwaka 2020 ikarudi kwenye orodha za vitabu vinavyouzika sana, kwa sababu vijana walikuwa wakijirekodi kwenye TikTok wakilia baada ya kukimaliza. Kitabu cha miaka sita! Ungekiandika wapi? Chini ya "kinapanda" au chini ya "kimepita"?

Hapa kuna ushauri ambao ungeniponyoka kirahisi: achana na soko, andika cha moyoni. Siutoi, kwa sababu ni nusu ya habari. Ni kweli kwamba waliofungua mikondo hiyo hawakuwa wakifuata mtu. Collins ameeleza kwamba wazo lilimjia akibadilisha chaneli za televisheni, huku vijana wanashindana kwenye kipindi, kule picha za vita, mpaka vitu hivyo viwili vikaanza kuchanganyikana kichwani mwake. Angie Thomas alianza The Hate U Give kama hadithi fupi akiwa chuoni, baada ya kijana Oscar Grant kuuawa na polisi huko Oakland mwaka 2009, na riwaya ikatoka 2017. Hakuna jedwali la mwaka 2010 ambalo lingemwambia aendelee. Lakini hao tunawajua kwa sababu walifika. Wapo wengi walioandika cha moyoni kwa miaka na mswada haukupata msomaji, na majina yao hayatajwi kwenye barua za ushauri. Tena Roth aliingia mkondo ukiwa tayari unatiririka, akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini na ushei, na akafika mbali. Kwa hiyo anayekuambia mfuata mkondo hafiki popote, naye anakupunguzia ukweli.

Tuje kwa rafiki yako na kauli yake kwamba mdogo wako si soko. Kihesabu amesema kweli, msomaji mmoja ni msomaji mmoja. Ila kuna jambo jedwali lako limelificha. Mwaka 2012 kampuni ya utafiti ya Bowker iliwaangalia wanunuzi wa vitabu vya vijana nchini Marekani, ikakuta asilimia 55 kati yao walikuwa na miaka 18 au zaidi. Zaidi ya nusu! Maana yake orodha ya vinavyouzika sana inarekodi pia hamu za watu wazima wenye pesa zao, wanaosoma kuhusu vijana. Si dhambi, mimi mwenyewe nimo. Lakini ukitaka kujua msichana wa miaka 16 anatafuta nini, huyo mmoja aliyesimama mlangoni pako anajua mambo ambayo orodha haiyajui. S. E. Hinton alikuwa na miaka 15 alipoanza kuandika The Outsiders, kwa sababu hakuwa akiviona vitabu vinavyowasema vijana kama alivyowaona yeye. Kitabu kilitoka 1967 na bado kinasomwa.

Na mdogo wako, ukimsikiliza vizuri, hakusema kitabu cha moto ni kibaya. Alisema ameshakisoma. Kisha akauliza habari za mtu ambaye ulimwacha njiani.

Ndipo nataka tukae kidogo kwenye lile jibu la mhariri, "imetulia mno." Wewe umelisikia kama hukumu juu ya aina ya hadithi: ya familia, bila mapanga, haiuziki. Inawezekana ndicho alichomaanisha. Ila barua yako inanipa shaka. Unasema uliandika sura kadhaa, na baba hakuwa amefika nyumbani. Basi mhariri alisoma sura kadhaa za watu wanaomsubiri mtu. Sijauona mswada, nakisia tu, lakini huenda hilo ni jambo la pale hadithi inapoanzia, na halina uhusiano wowote na mikondo.

Jaribu hili kwa karatasi moja tu. Msichana anarudi kutoka shule anamkuta mwanaume amekaa ukumbini, kwenye kiti ambacho kaka yake hukalia. Anamwamkia kama anavyoamkia mgeni yeyote. Anamwambia mama bado hajarudi, labda apite baadaye. Yule mwanaume anasema sawa, atasubiri. Msichana anaenda kumletea maji ya kunywa, na anamchagulia glasi ya wageni.

Humo hakuna panga wala joka. Sidhani kama kuna kijana atakayekiweka kitabu chini kabla ya kaka kuingia mlangoni. Kasi wanayoitaka vijana, ninavyoiona, mara nyingi ni hamu ya kujua nini kitatokea baina ya watu hawa dakika hii, na hiyo inaweza kuwepo kwenye chumba chenye glasi moja ya maji.

Sasa kuna kitu nimekiona ambacho sijui kama wewe umekiona. Hadithi yako ya kwanza: msichana analazimika kuishi chini ya paa moja na mwanaume ambaye hajui kama atamsamehe. Hadithi yako ya pili, ile uliyoamini kwamba umeitoa kwenye jedwali: msichana analazimika kuishi chini ya paa moja na mwanaume ambaye hajui kama atamsamehe. Ulikimbia kwa baba ukaenda kujificha kwenye kasri, na swali lako likakufuata huko. Karani wa vitabu vya watu hafanyiwi hivyo na hadithi zake.

Ukiona hivyo, njia zilizo mbele yako zinabadilika kidogo.

Unaweza kuimaliza ya moto. Umefika katikati, na kumaliza riwaya ni ujuzi ambao haufundishwi na kitu kingine zaidi ya kumaliza riwaya. Maadui wanaogeuka wapenzi si aibu. Wasomaji wanapenda ahadi wanayoijua, mradi njia ya kuifikia iwapige chenga. Hatari ni ile uliyoitaja mwenyewe: unajua kila kinachokuja. Jiulize swali dogo. Usiku wa kwanza kasrini, msichana wako anakula? Ana njaa, na chakula kimewekwa na mikono iliyowateketeza ndugu zake. Akila, anajisikiaje asubuhi? Kama rasimu yako inamrukisha kutoka kwenye lango hadi kwenye dansi, hapo ndipo mdogo wako "alishaisoma". Na hata ukiyarekebisha hayo yote, soko linaweza kuwa limehama ukimaliza. Uwe tayari kwa hilo tangu sasa.

Unaweza kurudi kwa baba. Hapo hakuna wimbi la kukubeba, na mhariri mwingine anaweza kukujibu maneno yale yale. Pia uangalie usirudi kwa sababu tu mdogo wako aliuliza, maana ukiandika ili kumfurahisha mtu mmoja mwenye miaka 16 umebadilisha jedwali kwa jedwali lingine dogo zaidi. Ila sijaona popote kwenye barua yako uliposema hadithi hiyo imekuchosha. Ulisema uliifunga.

Njia ya tatu inavutia na inanitia wasiwasi kwa pamoja: kulipeleka swali la baba kasrini. Vipi kama aliyeuteketeza ukoo ni mtu wa damu yake, na mwana wa mfalme ni jambo la pembeni? Inaweza kuwa riwaya ambayo hakuna aliyeisoma. Inaweza pia kuwa hadithi mbili zinazokabana koo. Usiianze ukiwa na haraka.

Na unaweza kupumzika zote mbili, usome tu kwa muda. Wako waliopumzika wakarudi na nguvu, na wako waliopumzika mpaka leo. Wewe unajijua uko upande gani.

Jedwali nisingelifuta kwa hasira. Nilicheka peke yangu niliposoma habari za damu na kitu, majivu na kitu. Mtu anayeona hivyo ana sikio. Labda linahitaji safu chache na bora zaidi. Badala ya rangi ya jalada, uandike: mhusika huyu anataka nini ambacho hathubutu kukiomba? Nani anamnyima? Ukizijibu kwa wanyonya damu, kwa watawala katili na kwa makasri, utaanza kuona ni kitu gani vijana wanakitafuta huku mavazi yakibadilika. Wale waliosoma kuhusu nchi inayowapanga watu kwa mtihani mmoja walikuwa wakikaa kwenye vyumba vya mitihani, na watu wazima wakiwaamulia watakuwa nani. Mitihani haijaisha.

Kuhusu kusoma, nakuomba utenge vitabu ambavyo haviingii popote. Vya zamani, vya watu wazima, mashairi, chochote ambacho hutakiandika kamwe. Na kile kilichokuliza, ukisome tena bila kalamu. Kifo cha ndugu kwenye theluthi ya kwanza kipo kwenye riwaya nyingi ambazo hazijakutoa hata chozi moja. Hiki kilikutoa. Kuna sentensi mahali fulani, huenda kurasa ishirini kabla ya kifo, pengine mzaha baina ya wale ndugu, iliyokuandaa bila wewe kujua. Ukiipata usiiingize popote. Ijue tu.

Rafiki yako sidhani kama anakupotosha makusudi. Anayesema "malizia upesi kabla wimbi halijapita" mara nyingi ana mswada wake mwenyewe unaomkosesha usingizi. Muulize unaendeleaje. Halafu mpelekee ule ukurasa wa glasi ya maji, ukiuandika, bila kumwambia ni wa riwaya ya aina gani wala unawalenga wasomaji gani, uone atauliza nini kwanza.

Shangazi